Safari za Cherehani

"Mama, na mbio hizo unaenda wapi?"

Swafiya alisimama kwenye kizuizi cha askari, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Gikondo, mwanangu. Kumwona mzazi, amejifungua juzi."

Askari alifunua agaseke, kikapu chake cha zawadi. Ndani hamkuwa na hata punje ya mtama.

"Mzazi gani anapelekewa agaseke tupu? Iko ujumbe wa nani unabeba?"

Jamani, angejibu nini? Tangu damu ya mwezi ikatike, mafuta yalikuwa yamemjaa mwilini. Daktari alisoma vipimo akatikisa kichwa: atembee haraka kila siku, jasho limtoke, la sivyo moyo utamsaliti. Marehemu dada yake aliambiwa hayohayo. Akacheka, akaendelea kushona, na siku moja wakamkuta ameinamia kitambaa, sindano ingali imekichoma.

Lakini Kigali ya vita, mwanamke mzima anatembeaje mbio bila safari? Ndipo alipobuni hila ya kubeba agaseke. Kutia kitu ndani hakukumjia akilini, maana ni nani aliwahi kufunua zawadi ya mwenzake njiani?

"Ni dawa ya moyo," alisema, safari hii kweli tupu. "Daktari amesema nitembee."

Askari wakaangua kicheko. "Dawa ya kutembea!" Kisha yule wa kwanza akanuna, akamnyang'anya Swafiya kitambulisho, akakitia mfukoni. "Rudi nyumbani. Tukikuona tena, shauri yako."

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Swafiya aliokota balaa. Bila kitambulisho, hata sokoni asingethubutu kufika.

"Si nilikwambia?" Kagabo, mumewe, alifoka. "Sasa kaa! Mke wangu, kaa tu ndani."

"Dada naye alikaa, Kagabo."

Kagabo alikwenda kukomea geti.

Swafiya alikaa nyuma ya cherehani yake. Aliogopa, tena aliogopa sana, na kuta zilimkaba. Akautazama ubao wa miguu. Akavua mkanda kwenye gurudumu ili sindano isicheze, akaanza kukanyaga. Polepole kwanza, halafu kwa nguvu, mpaka meza ikatetemeka na jasho likaanza kumtoka.

Kagabo alichungulia mlangoni. Hapakuwa na kitambaa wala uzi.

"Mama Umulisa, unashona nini?"

"Niache," alihema, macho kayafumba. "Napanda kilima cha Kicukiro."

Kagabo alisimama palepale, funguo za geti mkononi, akisikiliza miguu ya mkewe.