Vidole Kumi vya Shemeji Atupele

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama karakanani kwangu Mafinga, na msumeno wa mkanda unanihoji. Ni ile mashine yenye magurudumu mawili, moja juu, moja chini, na utepe wa meno unaozunguka juu yake. Jana jioni niliufunga utepe mpya. Asubuhi shemeji yangu Atupele, mke wa kaka, angeanza kukatia miguu ya viti.

"Ulinizungusha kwa mkono kabla ya kuondoka?" utepe ukauliza.

"Nilikuzungusha."

"Mara ngapi?"

"Jamani! Mara za kutosha."

Uongo mtupu. Sheria niliiandika mwenyewe na kuibandika ukutani: utepe mpya, chomoa waya, zungusha gurudumu kwa mkono mara tatu uone kama utepe unakaa katikati, ndipo uwashe. Lakini jana nilikuwa nawahi mpira. Nikamwambia Atupele, "Kila kitu tayari," nikaenda zangu.

Gurudumu la juu linakohoa. "Mimi na huyu wa chini hatuelewani," linasema. "Mimi natazama Iringa, yeye anatazama Makambako."

"Mtapatana mkianza kazi."

"Jana ulisema hivyohivyo."

Ghafla si karakana tena, ni barabara kuu, nayo ni ya raba nyeusi na inazunguka chini ya miguu yangu. Skwea yangu ya kupimia pembe imesimama kando, imevaa kofia ya trafiki.

"Tembea katikati, fundi."

"Si ndiyo natembea!"

"Umepinda. Umepinda tangu jana jioni."

Barabara inanivuta ukingoni. Naogopa mno, maana pale ukingoni hakuna mtaro wala majani, ni shimo tu. Nikatumbukia.

Nikaangukia zahanati. Kwenye benchi wamekaa vidole kumi, wamejipanga kwa foleni, wametulia.

"Shemeji, hujambo," wakasema kwa pamoja.

Nikawajua. Ni vya Atupele. Utepe umekaa kwenye meza ya nesi, unaandika.

"Chagua kimoja," ukaniambia bila kuinua uso.

"Cha nini?"

"Cha asubuhi. Si wewe uliyesema kila kitu tayari?"

Kimoja kinanionyesha pete. "Mimi nimevishwa na kaka yako," kinasema. Kidole gumba cha kulia kimefungwa kipande cha khanga ya njano. "Mimi uniache, shemeji. Nimeshakatwa na kisu cha vitunguu jana usiku, inatosha."

"Chukua changu," nikauambia utepe. Nililia kabisa, sioni aibu kusema.

"Vyako havisukumi mbao asubuhi," ukajibu. "Chagua."

Nikazinduka. Jua limeshatoka, na karakanani, nyuma tu ya chumba changu, nasikia kufuli likifunguliwa. Nilitoka mbio na singlendi, pekupeku. Atupele amesimama mbele ya mashine, mkono uko kwenye swichi.

"Usiwashe!"

"Makubwa! Shemeji, una nini? Si ulisema tayari?"

"Nilikudanganya. Sikuizungusha. Chomoa waya, uzungushe kwa mkono."

Akanitazama vibaya, na haki yake. Akachomoa waya, akashika gurudumu la juu. Mzunguko wa kwanza, utepe ukatulia. Wa pili, ukasogea pembeni. Wa tatu, ukachomoka wote na kuanguka sakafuni, ukarukaruka kwa kelele mpaka ukanyamaza.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya gurudumu. Kidole gumba kimefungwa kipande cha khanga ya njano.

"Hicho kidole kimefanyaje?" nikauliza.

"Aa, kisu tu, jana usiku. Nilikuwa nakata vitunguu."

Nikakaa chini kwenye maranda, nikamwomba aninyooshee mikono yote miwili. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, na sikumwachia mpaka nilipofika kumi.