Mji wa Mwisho wa Bi Mwatima

Usingizi wa alasiri si usingizi wa kuuamini. Waliosema unaleta wazimu hawakuwa wajinga, ila Bi Mwatima binti Faki amekwisha fika umri wa kutosikia makatazo, na baraza ya nyumba ya wazee, alikoletwa na mwanawe wa kiume, ina upepo mzuri, na chane za ukindu zimo mkononi, nyekundu kwa zambarau, na vidole vinakwenda vyenyewe bila kuamrishwa. Amekaa na wenzake, wanawake wazee kama yeye, kila mmoja na ukili wake, ule utepe mrefu wa kusukwa ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka. Bi Shufaa, mlezi wao, ndiye aliyewaletea ukindu, alipoona wanakaa kutwa wakitazama ukuta na kurudisha sahani zimejaa. Sukeni, aliwaambia, mkono ukipata kazi, moyo nao hupata pa kupumulia. Na kweli wamepumua. Siku hizi wanagombana, wanasengenyana, wanacheka mpaka wanakohoa, na Bi Riziki, anayelala kitanda cha jirani na Bi Mwatima, amerudia hata kuimba, ingawa ingekuwa hisani kubwa kama asingeimba. Wote wamekwisha kushona mikeka yao na kuikalia. Bi Mwatima peke yake hashoni. Anasuka tu. Ukili wake umejaa uvunguni mwa kitanda mpaka mfagizi analalamika, na akiulizwa ataushona lini, jibu ni lile lile: huu ni mkeka wa harusi wa mwanangu Hidaya, yuko Mombasa, akija nitaushona. Hidaya hajapata kuikanyaga Mombasa. Hidaya alikufa kwa homa huko Wete, juma la harusi yake, hina haijafifia miguuni, akazikwa nyuma ya msikiti wa mtaani kwao, na tangu siku hiyo mama yake hajatamka kwa kinywa chake kwamba amekufa. Mkeka ukishonwa utamtaka mwenyewe. Basi haushonwi.

Kichwa kinainama. Ukili unateleza kutoka mapajani, unashuka ngazi za baraza, unavuka ua, unapita chini ya lango, na Bi Mwatima, ambaye magoti yake yana mwaka hayashuki ngazi bila kushikwa, anajikuta ameshasimama juu yake anatembea. Ni njia sasa. Ni pana, imesukwa sawasawa, nyekundu kwa zambarau, na chini ya nyayo zake inalia ule mlio mkavu wa mkeka mpya. Huu mkono wangu, anajiambia, na anaona fahari kidogo, maana hata ndotoni fundi ni fundi. Anatembea. Njia inapinda, inajirudia, inapita pale pale alipokwisha pita, ila kila ikirudi rangi imekolea zaidi na mbingu imeshuka zaidi, mpaka anahisi akinyoosha mkono ataigusa. Hakuna mti wala kuku. Mbele yake unatokea mji mweupe, na chini ya mji upo mji mwingine uliogeuzwa, milango kwa milango, madirisha kwa madirisha, kama nyumba zimesimama juu ya maji yaliyotulia, ila maji hayapo. Watu wamo madirishani, juu na chini, wanamtazama, kama inawezekana kutazama bila macho, kwa sababu nyuso hawana. Panapostahili uso pamelainika kama yai lililomenywa. Bi Mwatima anataka kurudi. Anageuka, na njia nyuma yake imekwisha kukunjwa.

Mwanamke mmoja anatoka mlangoni kumpokea. Amevaa buibui, ni mwembamba, hana uso kama wenziwe, na sauti yake inatoka pasipojulikana. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Bi Mwatima, na papo hapo anajuta. Bibi yake alikuwa akiwakanya, kitendawili cha mchana hupoteza njia, msimwitikie anayetega jua lingali juu. Lakini kinywa kilizoea, kikaitika kabla ya akili kuwahi, na ukishaitikia umeingia, hakuna kutoka. Mwanamke anatega: nina mgeni amesimama mlangoni, mkeka ninao, simtandikii. Jibu Bi Mwatima analijua. Lilimfikia kabla kitendawili hakijaisha, lipo kwenye ncha ya ulimi, chungu kama shubiri, na analimeza. Sijui, anasema. Nimeshindwa. Basi nipe mji, anasema mwanamke. Ndiyo sheria yenyewe, kila mtoto anaijua, ukishindwa unatoa mji, unautaja jina tu, na mtegaji anautwaa kwa maneno, watu wanacheka na kulala. Haya, anasema Bi Mwatima, chukua Tanga. Tanga alikaa na mumewe, Makame, mshona kanzu, miaka ya mwanzo ya ndoa, katika chumba kimoja chenye harufu ya pasi ya makaa. Mwanamke anainama, anaushika mji ule mweupe pembeni, anaukunja kama anavyokunjwa mkeka, nyumba juu ya nyumba, anautia kwapani. Na Bi Mwatima anatafuta uso wa Makame, aliokuwa nao kichwani hata asubuhi hii akinywa chai, anapata kanzu imetundikwa, na juu ya ukosi hapana kitu.

Umechukua mume wangu, anasema. Nimechukua ulichonipa, anajibu mwanamke, na anaanza kutembea, na Bi Mwatima anamfuata kwa sababu njia ni hiyo moja. Kwetu anayepewa mji husema jibu, analalama. Kwetu jibu analo aliyeulizwa, anasema mwanamke, mimi nangoja alitoe. Wanatembea. Njia inajisuka mbele yao, chane kwa chane, bila mikono. Wewe ni nani, anauliza Bi Mwatima. Mimi ni yule usiyemkaribisha. Unanipeleka wapi? Nakupeleka ulikosimama. Maneno gani hayo, anasema Bi Mwatima kwa hasira, mtu mzima akiuliza hujibiwa, hukulelewa wewe? Nililelewa vizuri sana, anasema mwanamke, na kwa mara ya kwanza sauti inatetemeka kidogo. Mji mwingine umetokea, na chini yake kivuli chake kimesimama kichwa chini miguu juu. Kitendawili. Bi Mwatima anaubana mdomo kwa mkono, lakini neno linapenya katikati ya vidole: tega. Nina mgeni amesimama mlangoni, mkeka ninao, simtandikii. Nimeshindwa, chukua Chake Chake. Chake palikuwa na soko, pale alipokuwa akipanga mikeka yake na wanunuzi wakimwita kwa jina, na mashoga zake wakimwekea nafasi kivulini. Chake inakunjwa. Majina ya mashoga yanakunjwa nayo, na sauti zao, na ule ucheshi uliomfanya arudi nyumbani amechoka na amefurahi.

Sasa analia, na halii kwa staha, analia kama anavyolia mtoto, kamasi na yote. Anaona wazi anakoelekea. Miji ya mtu si mingi. Mtu anadhani ameishi sana, kumbe maisha yake yote yanaenea kwapani mwa mwanamke mmoja mwembamba. Nihurumie, anasema, mimi mzee. Anayekuhurumia ni nani kama si mimi, anajibu mwanamke, nimesimama mlangoni kwako mpaka miguu imeota mizizi, na wewe unapita kando yangu na ukili wako. Na mji wa tatu umefika, mdogo, wenye msikiti, na nyuma ya msikiti pana ukuta mfupi, na Bi Mwatima hataki kuangalia nyuma ya ukuta ule. Kitendawili. Tega. Nina mgeni amesimama mlangoni. Usiendelee, nakijua. Basi kitegue. Bi Mwatima anahesabu kilichobaki, na hahitaji vidole vingi. Imebaki Wete na imebaki Mombasa. Wete amezaliwa yeye, amezaliwa Hidaya, na nyuma ya ukuta ule yuko Hidaya. Mombasa hakuna chake. Hakuna mtaa anaoujua, hakuna mlango, isipokuwa kwamba kila siku, kwa miaka yote hii, Hidaya yuko huko mzima, anapika, ananenepa, anachelewa tu kuja. Heri kaburi lipotee kuliko Mombasa, anawaza, na kinywa kinasema: chukua Wete. Mwanamke hainami upesi kama mwanzo. Una hakika, anauliza. Chukua, nimesema! Anaukunja mji polepole, msikiti, ukuta, mchanga wa nyuma ya ukuta, na mikono inayokunja ni mikono ya msichana.

Njia inakwisha hapo. Ukili umefika mwisho wake, chane zimechanua ovyo bila pindo, na mbele hapana kitu, si giza wala mwanga. Kitendawili, anasema mwanamke kwa upole. Tega. Nina mgeni amesimama mlangoni, mkeka ninao, simtandikii. Bi Mwatima anaifungua midomo kusema nimeshindwa, na anajua neno linalofuata ni Mombasa, na anamwona Hidaya wa Mombasa ameshika mwiko jikoni, anasubiri kukunjwa. Hawezi. Mwili wote unamkatalia. Basi jibu linatoka, halitoki kama neno, linatoka kama jino: mgeni ni mwanangu. Hidaya amekufa. Hidaya wangu amekufa, na mimi sikumtandikia.

Umekitegua, anasema mwanamke. Nirudishie basi miji yangu, anasema Bi Mwatima, nimejibu. Mji uliotolewa haurudi, hilo nawe unalijua, anasema mwanamke, na anageuka aende, na buibui inainuka kidogo nyuma, na Bi Mwatima anaona visigino. Vina hina. Hina ya biharusi, imekolea, maua mpaka kwenye kifundo. Hidaya! anaita. Mwanangu, geuka! Lakini aliyebeba miji kwapani hageuki, na Bi Mwatima anajitupa mbele kumshika nguo, na pale ukili ulipoishia anaanguka.

Anaangukia barazani. Jua limeteremka, chane zimemkaukia mkononi, na mtu anamtikisa bega. We Mwatima, we! Hebu amka, umetutia hofu, unapiga kelele kama unachinjwa. Ni Bi Riziki. Wenzake wameacha kusuka wanamtazama, na wote wana macho na pua na mikunjo yao, alhamdulillahi, Bi Mwatima anawapitia mmoja mmoja kuhakikisha. Nileteeni shazia, anasema. Sauti yake imekwaruza. Na ukili wangu uleteni wote. Nataka kushona. Bi Shufaa anasita, kisha anakwenda, anarudi na bunda amelikumbatia kwa mikono miwili, na ile sindano nene juu yake. Amekuja Hidaya? anauliza mmoja, kwa mazoea. Bi Mwatima anatunga uzi wa ukindu. Hidaya amekufa, anasema, alikufa zamani.

Hakuna anayeshtuka. Bi Riziki anavuta mkeka wake karibu, anachukua ncha ya pili ya ukili, anaiweka sawa juu ya goti. Tunajua, shoga, anasema. Mwanao wa kiume alituambia siku aliyokuleta. Tulikuwa tunakungoja. Na Bi Mwatima anaona aibu, na chini ya aibu anaona kitu kingine, kifua kimepata nafasi, pumzi imeshuka mpaka mahali ambapo haijafika kwa miaka. Wanashona. Wengine wanasogea, huyu ananyoosha, yule anakaza, na mkeka unaanza kupanuka katikati yao, nyekundu kwa zambarau, na Bi Riziki anaimba, na safari hii hakuna anayemwomba anyamaze.

Ukimalizika, anasema Bi Shufaa, tutakodi gari tukupeleke ukamwombee dua kaburini, sote, na mkeka tuukalie huko. Au siyo? Amezikwa wapi Hidaya?

Bi Mwatima anafungua kinywa. Mahali lilipokuwa jina pamelainika. Anaona ukuta mfupi, hauko popote. Anatafuta msikiti, anatafuta mchanga, anatafuta mji aliozaliwa yeye mwenyewe, na sindano imesimama hewani, na wenzake wanangoja, na jua liko nyuma yao sasa, limeziweka nyuso zao zote gizani. Jina moja tu limebaki kichwani mwake. Ananyoosha mkono, anaushika uso wa Bi Riziki, anaupapasa kwa vidole, paji, macho, pua, kama anayetafuta ukili ulipoanzia.

Mombasa, anasema. Yuko Mombasa.