Bwana Maelezo Bombani

Baada ya chakula cha mchana, mtunza mfumo wa idara ya maji alipangusa makombo kwenye kibodi kwa ncha ya leso, akavuta kiti, akaanza kukompaili. Feni ya dari ilifikisha upepo upande mmoja tu wa chumba. Wahasibu walikuwa wameshahamishia meza zao huko, naye akabaki na joto lake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Programu iliyogawa maji mjini ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya skripti, mafaili chungu nzima ambayo mtu yeyote aliyejifunza lugha hiyo angeweza kuyasoma. Mkurugenzi alitaka yote yakompailiwe, yaani yageuzwe kuwa msimbo-baiti, lugha fupi ambayo mashine huielewa haraka na binadamu haambulii kitu.

"Na mafaili yenyewe ya mwanzo niyaweke wapi?" alikuwa amemuuliza asubuhi.

"Yafute kwenye seva. Nakala nimeshachukua, iko kwangu."

"Hata yakibaki hayazuii kitu, bosi."

"Madiwani wanakuja kuikagua programu. Watu wa bondeni wamelalamika tena. Unataka wakae humu wiki nzima wanakusomea begani?"

Hakutaka. Yeye mwenyewe alizaliwa bondeni, na mama yake bado alikaa huko, lakini malalamiko ya maji yalikuwa yanapokelewa dirisha la chini na yeye kazi yake ilikuwa ghorofani.

Programu hiyo ilikuwa imeandikwa na mwenzake aliyefariki mwaka uliotangulia. Kazini walimwita Bwana Maelezo, kwa sababu hakuweza kuandika amri hata moja bila kueleza juu yake imekusudiwa nini. Kila maelezo aliyatanguliza kwa alama ya reli, ambayo maana yake kwa mashine ni kwamba hapa ruka, haya ni ya watu. Katika baadhi ya mafaili maelezo yalizidi amri. Kompaila, programu inayofanya ugeuzaji huo, haina shughuli na maelezo. Inachukua amri, yaliyobaki inayaacha nje.

Majina ya mafaili yalipita kwenye skrini moja baada ya jingine. Yalipokwisha, aliyafuta yale ya mwanzo kama alivyoagizwa, akaenda kuosha kikombe chake.

Saa kumi mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, bomba limeanza kuongea."

"Limetoa maji?"

"Nimekwambia linaongea. Lingetoa maji ningekwambia limetoa maji."

"Linasema nini?"

"Linasema hapa tunasoma mita ya kila nyumba, tusiichanganye na ya jirani. Ni mtu mzima. Ana kikohozi kidogo. Mstaarabu."

Kikohozi hicho alikifahamu. Alimweleza mama yake kwamba hayo ni maelezo ya marehemu, yameachwa nje wakati wa kukompaili, na bila shaka yametafuta njia ya kutokea. Mabomba ya bondeni yalikuwa matupu, ndiyo maana.

"Ah, kumbe," alisema mama. "Sasa nimfunge au nimwache?"

"Mwache amalize."

Haikupita siku nyingi, mabomba yote ya bondeni yakawa yanaongea. Watu waliendelea kuweka ndoo chini yake kama zamani, maana ndoo tupu ilimpa marehemu sauti nzuri. Kulikuwa na mtoto mchanga aliyelala tu akisikia habari za vali. Bwana mmoja ambaye bomba lake pekee lilikuwa bafuni alisema anaona haya kuoga mbele ya marehemu. Mkewe alimtundikia pazia, shauri likaisha.

Mjane wa Bwana Maelezo alikaa kilimani. Habari alizipata kwa mwanamke aliyemletea mboga. Alasiri moja aliteremka bondeni, akauliza nyumba ya mama yake mtunza mfumo, akaingia uani na dumu la maji mkononi, kwa kuwa si vizuri kwenda mikono mitupu kwenye nyumba isiyo na maji.

"Karibu, dada," alisema mama. Alimpa kigoda karibu na bomba, akalifungua.

"Presha ikishuka," bomba lilisema, "funga vali ya shuleni kwanza, usianze na ya zahanati. Sehemu hii haijakamilika. Nitaimalizia kesho, leo nimemwahidi mke wangu kurudi mapema."

Mjane alilitua dumu chini. "Hakurudi mapema," alisema. "Alikuja chakula kimeshapoa, nami nikamnunia mpaka asubuhi."

"Wanaume wa kazi ndivyo walivyo."

"Lakini kumbe alinuia."

"Alinuia, dada. Umemsikia mwenyewe."

Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri. Hakuja bila dumu. Mama naye alijizoeza kumwekea kigoda kivulini kabla hajafika, na walisikiliza pamoja huku wakichambua mchele.

Bomba lilifuata mpangilio wa mafaili, na Jumamosi moja, mtunza mfumo akiwa kwa mama yake, lilifika kwenye faili la mgao.

"Kuanzia hapa bonde linarukwa kiangazi chote," lilisema. "Bwawa lina maji ya kutosha watu wote, nimepiga hesabu nikairudia. Mkurugenzi anataka matangi ya kilimani yajae muda wote, maana huko ndiko wanakokaa wanaompigia simu. Nimemwambia si haki. Ameniambia niandike. Nimeandika."

Likakohoa, likaendelea na jinsi ya kupanga majina ya wateja kwa alfabeti.

Mjane aliangalia dumu alilokuja nalo. "Mimi nilidhani kwetu mabomba ni mazuri zaidi," alisema. "Basi nilirudishe?"

"Ulirudishe wapi? Liache hapo hapo." Mama akamgeukia binti yake. "Wewe uliyasoma haya kabla hujayafuta?"

"Sikuyasoma, mama."

"Na yalikuwa yanasomeka?"

"Yalikuwa yanasomeka."

Mama aliinua ungo, akapepeta mchele.

Madiwani walipokuja, watu wa bondeni waliwapeleka kwanza kwenye mabomba. Walisikiliza kwa heshima, kofia mikononi. Diwani mmoja aliomba pale pa mgao parudiwe, akaambiwa inabidi asubiri mzunguko mwingine. Alisubiri, akasikia tena. Mkurugenzi naye alikuwepo, na hakukanusha kwamba sauti ilikuwa ya marehemu.

"Waheshimiwa, alikuwa mfanyakazi mzuri, Mungu amrehemu," alisema. "Ila anaeleza programu ya zamani. Inayofanya kazi sasa haina maneno hayo. Twendeni mkaione."

Ofisini, mtunza mfumo alifungua faili la mgao kwenye skrini. Madiwani waliinama. Zilikuwa alama na tarakimu, hakuna neno hata moja la kusomeka.

"Bonde liko wapi hapa?" aliuliza yule diwani.

"Limo humo ndani, mheshimiwa. Mashine inaliona. Mimi siwezi kukuonyesha kwa kidole. Lingeonekana kwenye nakala ya mwanzo, ambayo anayo mkurugenzi."

"Nitaitafuta," alisema mkurugenzi, akaagiza chai.

Walikunywa chai. Katika taarifa yao waliandika kwamba programu haina neno lolote dhidi ya watu wa bondeni, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba mabomba ya huko yanafanya kazi.

Mtunza mfumo alikwenda kuiulizia nakala mara kadhaa. Kila alipokwenda, mkurugenzi alikuwa bado anaitafuta. Mwisho alimpa kazi nyingine, ndogo, ya kutuma ujumbe wa kuwashukuru wateja kwa uvumilivu wao. Aliandika amri zake zote kabla ya mchana. Zikiwa tayari, alirudi juu kabisa ya faili, akaweka alama ya reli, akakaa na mikono mapajani. Mhasibu mmoja alimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Kisha akaandika, akakompaili, akapeleka kwenye seva kama kawaida.

Alipofika kwa mama yake alasiri ya Jumamosi, mjane alikuwepo, na bomba lilikuwa wazi. Marehemu alimaliza habari za alfabeti, akakohoa, akanyamaza. Halafu ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu asiyezoea kusikilizwa.

"Leo ni kiangazi na bonde bado linarukwa. Amri imo kwenye faili la mgao. Nakala yake ya mwanzo anayo mkurugenzi, ofisini kwake. Mimi ni mtunza mfumo, na kwetu ni bondeni."

Mjane alisogea pembeni ya kigoda ili watoshe wawili.

"Sauti yako huku inasikika vizuri kuliko kwenye simu," alisema mama.

Walikaa mpaka jua likapungua makali. Kisha wanawake watatu wakachukua ndoo na dumu, wakapanda kilimani kuchota maji kwa mjane. Bomba waliliacha linaongea.