Kuku wa Ukombozi

Koplo Mihayo alifanya kosa moja tu siku aliyopanda milimani kumkamata Alois. Alitaja kabila lake.

Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani. Vigelegele vimepamba moto, ngoma zinagombana na kwaya, na Alois, bwana harusi, ametinga suti ya kuazima iliyoishia juu ya viwiko vya mikono, na chini kavaa buti za jeshi kwa sababu viatu vya kuazima vilikosekana. Filomena alikuwa ubavuni pake, kanawiri. Kila aliyewaona alisema wamependezana, na kweli walipendezana, buti zisihesabiwe.

Ndipo Alois akaona kofia ya kijani ikipanda kwenye kona ya njia. Chini ya kofia kulikuwa na uso unaovuja jasho, na uso huo aliujua vizuri. Alitamani ardhi ipasuke immeze, suti na yote.

Maana Alois alikuwa mtoro. Alikuwa amehitimu ualimu, na kama wahitimu wote wa miaka ile, alitakiwa kwanza akalitumikie taifa kambini, kule bondeni ng'ambo ya Mzumbe, ndipo apewe shule ya kufundisha. Huko alipangiwa kulisha nguruwe. Nguruwe hawakumsumbua. Kilichomsumbua ni habari kwamba Mjomba Bonifasi, mjomba wa Filomena, amechoka kungoja. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba wa binti anaweza kukohoa mpaka sauti imkauke, mjomba akigoma hakuna harusi. Na Bonifasi alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama kufa na kupona, asiyerudia neno. Alisema Alois asipotokea Jumamosi ile, Filomena ataolewa na karani wa duka la ushirika, kijana mwenye baiskeli na redio.

Alois akaomba ruhusa. Akaambiwa taifa kwanza. Basi akawaaga nguruwe, akapenya kwenye mahindi, akakata mlima. Nyumbani alisema amepewa likizo. Wote walimwamini, Filomena akiwa wa kwanza, na Bonifasi akawatangazia majirani kwamba vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa na nchi. Sasa nchi ilikuwa imekuja kumchukua, na ilikuwa inahema kama imebeba gunia.

"Ndugu wananchi," Koplo Mihayo alisema, "samahani sana kwa kuwaingilia. Nimekuja kumchukua huyu Alois. Ametoroka jeshi."

Ngoma zikakatika. Bonifasi akakunja uso. Alois aliona kila kitu kinamponyoka palepale mbele ya mlango wa kanisa: mke, ualimu, na hata ile heshima ndogo aliyokuwa nayo. Bonifasi alimsogelea mgeni, akamkagua toka kofia mpaka buti.

"Unatoka wapi, ndugu?"

"Kambini."

"Kambi siiulizi. Kwenu wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi halisi," alijibu koplo, kifua mbele.

Masikini wa Mungu! Angesema Mha, angesema Mmakonde, saa ileile Alois angekuwa njiani kushuka na pingu mikononi. Lakini Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akitokea kwenye harusi kazi yake inajulikana. Humkamata bwana harusi. Humzushia makosa mbele ya watu, tena makosa makubwa makubwa, na hamwachii mpaka akombolewe kwa kuku. Harusi isiyo na mtani hupooza. Tangu asubuhi akina mama walikuwa wananung'unika kwamba safari hii mtani hakupatikana.

"Mtaniii!" Bibi Agata, nyanya yake Filomena, aliruka juu utadhani msichana. "Mtani kaja! Tena kaja na magwanda!"

Pakalipuka. Vigelegele, vicheko, ngoma zikarudi kwa kishindo. Bonifasi alikunjua uso, akampiga koplo mgongoni hadi jasho likaruka.

"Umetuweza, ndugu! Ati katoroka jeshi! Mimi mwenyewe nilitaka kuamini!"

"Lakini ni kweli," alisema koplo. "Mimi sitanii!"

Heri angenyamaza. Kuna mtani gani duniani asiyesema hatanii? Watu walishikana mbavu. Mzee mmoja alikaa chini kwenye majani kabisa, akifuta machozi kwa kanzu, anarudia "Hatanii, jamani, hatanii," na kila akirudia anaanza kucheka upya. Koplo akapandisha sauti, akataja sheria, akataja mahakama, na kila alichokitaja kilipokelewa kwa makofi. Bibi Agata alimvua kofia, akaivaa juu ya kilemba chake, akaanza kuwaongoza akina mama kwata uwanjani: kushoto, kulia, nyuma geuka! Walipogeuka kila mmoja upande wake, hata katekista alilia kwa kucheka.

Koplo Mihayo angeweza kufoka. Lakini alikuwa amelelewa na baba aliyemfundisha kwamba mtani hakasiriki, na anayekasirika hutozwa. Basi akatumia njia moja aliyobakiwa nayo. Alichomoa pingu mfukoni, akazifunga kwenye mkono wa kushoto wa Alois. Chuma kikalia. Alois akafumba macho, akasema moyoni yameisha.

"Na huyu je?" Bibi Agata alikuwa ameshaudaka upande wa pili wa pingu, akaubana kwenye mkono wa Filomena. "Pete ya padre inavulika. Hii haivuliki!"

Hapo ndipo harusi ilipopagawa. Maharusi walibebwa juu juu wakiwa wamefungwa pamoja, wakazungushwa uwanja mzima, wakawekwa kwenye mkeka, na koplo akawekwa kwenye kiti cha mgeni rasmi bila kuulizwa. Akaletewa togwa, akaletewa ugali wa kuuma ulimi, na mbele yake Bonifasi akaweka sinia lenye kuku mzima aliyeungwa kwa nazi. Kisha balozi akasimama, akasafisha koo.

"Ndugu zangu, bara zima la Afrika sasa linapigania ukombozi. Na sisi hapa mlimani hatuwezi kubaki nyuma. Ndugu Mnyamwezi, huyu ndiye kuku wa ukombozi. Ukimla, kijana wetu yuko huru!"

Koplo alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri na tumbo tupu. Alimtazama kuku. Akatazama kulia na kushoto. Akamega paja.

Alois hakujua acheke au alie. Alikuwa ameokoka! Kila mtu alikuwa upande wake, hata serikali ya nyumba kumi, na hakuna binadamu mlima mzima ambaye angeamini kwamba yeye ni mtoro. Furaha ilimpanda kichwani kama pombe. Kando yake Filomena alikuwa anacheka mpaka anamwegemea, machozi yanamtiririka, pingu zinalia kila akitingishika.

"Mnyamwezi huyu ana balaa," alimnong'oneza. "Ati mtoro! Ingekuwa kweli ningekufa kwa aibu, Alois. Haki ya Mungu, ningekufa."

Furaha ikamshuka Alois hadi kwenye buti. Alimtazama mke wake anavyocheka, na akaona kwamba maisha yake yote atakuwa anaishi na kicheko hicho juu ya uongo huo. Hakuweza. Alisimama ghafla, pingu zikamvuta Filomena naye akasimama.

"Jamani, nisikilizeni! Ni kweli! Mimi nimetoroka jeshi! Sina likizo wala nini!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko kikubwa kuliko cha mwanzo. Bonifasi alishika nguzo ya kibanda asianguke.

"Huyu mkwe nimempata!" alisema kwa shida. "Utani wa Mnyamwezi, yeye anauongezea chumvi!"

Alois alipiga kelele tena, akaapa kwa jina la mama yake, akapiga magoti. Walimtunza senti. Katika watu wote wale, mmoja tu aliacha kucheka, naye ni yule ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa pamoja na mkono wa Alois, na mkono wa Alois ulikuwa unatetemeka.

"Alois," Filomena alisema polepole. "Niangalie."

Alimwangalia.

"Umesimama mbele ya padre na uongo wako?"

"Padre hakuniuliza habari za jeshi," alisema Alois, na akajua papo hapo kwamba jibu lile halikufaa.

Ngoma zilikuwa zinalia, watu wanaserebuka pande zote. Filomena akamburuta mpaka kwenye kiti cha mgeni rasmi. Koplo alikuwa anamalizia bawa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, bibi harusi."

"Mtoro anafanywa nini?"

Koplo alilamba vidole. Alimwona msichana hacheki, akafurahi kwa mara ya kwanza siku ile kumpata mtu mwenye akili timamu. "Nikimfikisha mimi ni mahakama, na ualimu aagane nao. Akijifikisha mwenyewe kabla sijaripoti, atalala mahabusu, atabeba mawe, atatukanwa sana, yataisha. Lakini nikifika tu nitaulizwa nimemkuta wapi, na mimi sisemi uongo."

"Na huyo kuku uliyemla, mtani, alikuwa wa nini?"

Koplo alitazama sinia. Ilibaki mifupa mitupu. Alitafuna kilichokuwa mdomoni, kikakataa kushuka, akakisukuma kwa togwa. Jeshi lilikuwa na sheria zake, lakini kula kuku wa ukombozi kisha ukamchukua mtu, hata marehemu baba yake angefufuka kuja kumchapa. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua pingu mkono kwa mkono. Watu waliona, wakashangilia mtindo mmoja: bwana harusi kakombolewa!

Alois alitaka kumkumbatia Filomena. Filomena alimsukuma kifuani.

"Nenda."

"Leo? Filomena, leo ni harusi yetu."

"Nimekwambia nenda. Mimi sitakaa na mtu anayeruka kila anaposikia buti njiani. Nenda kabebe mawe, urudi mwalimu." Halafu akamvuta kwa tai akambusu mbele ya mjomba wake, mbele ya katekista, mbele ya watu wote, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kijijini pale, na akina mama wakapiga yowe la furaha na fedheha kwa pamoja.

Alois akatimua mbio. Watu walidhani na hilo ni sehemu ya mchezo, wakamsindikiza kwa ngoma mpaka kwenye mashamba ya njegere, na huko mbele alimkuta Koplo Mihayo ameshatangulia kushuka, kofia yake imerudi kichwani, anatembea kwa hatua za kijeshi kama mtu anayewahi kuripoti. Alois alimfikia, roho juu. Koplo hakugeuza shingo. Aliketi tu juu ya jiwe, akaanza kufungua kamba za buti, tundu moja baada ya jingine, taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Buti hizi," alisema akiitazama milima, "zinanibana sana. Sijui nitafika saa ngapi."

Alois hakungoja aambiwe mara mbili. Alishuka mbio, suti ikapasuka kwapani, akavuka vijito bila kutafuta mawe ya kukanyagia, migomba ikampiga usoni, watoto wa njiani wakamkimbilia wakiimba harusi, harusi! Mara acheke, mara amkumbuke Filomena akaze mwendo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika getini, ua la harusi limelegea kifuani.

"Simama! Nani wewe?" mlinzi aliuliza.

"Alois. Mtoro. Nimerudi mwenyewe."

Mlinzi hakutabasamu hata kidogo. Alifungua geti, akamshika mkono. Kwa Alois, aliyeapa na kupiga magoti mchana kutwa bila kusadikiwa, jambo hilo lilimzidi. Kicheko kilimtoka tumboni, akainama kabisa, akashindwa kujizuia.

"We! Unacheka nini?"

"Samahani, afande," alisema Alois. "Leo nimeoa."