Diski Moja Yatosha

Fundi wa video alikuwa hakaliki. Aliitoa diski, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha kwenye mashine. Dada yake alikuwa kwenye kiti cha wateja, amempakata binti yake wa miaka mitano. Walikuja ili mtoto amsikie bibi yake, mama wa fundi na dada. Bibi alifariki kabla mjukuu hajazaliwa, na sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: kwenye diski hii ya harusi ya dada, pale aliposimama kusema maneno machache.

"Kamkwaruzo kenyewe kadogo kama ukucha," dada alisema. "Za wateja si unazitengeneza?"

"Za wateja sikuzibana hivi."

Hapo ndipo palipomuuma. Video ya harusi ile ilitaka diski tatu. Yeye, kwa ujuaji wake, aliibana, akaipunguza ukubwa mpaka ikaenea kwenye moja, akatamba nyumba nzima, "Diski moja yatosha!" Kisha akafuta kwenye kompyuta video ya awali, ile ambayo haikubanwa. Video iliyobanwa sana huweka picha moja kamili, na zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Ile kamili ikikwaruzwa, zote zilizoiegemea zinaharibika. Kwenye diski tatu, mkwaruzo huu ungekula muda wa kufumba na kufumbua tu. Hapa ulikula robo dakika, picha na sauti.

Alibonyeza tena. Mama akasimama, akafungua mdomo. Uso ukakatika vipande vya mraba, sauti ikazama. Picha ilipotulia, mama alikuwa ameshakaa, anaitazama kamera, na kiti cha pembeni yake kitupu.

Mara ya sita sasa. Mganga hajigangi.

"Alisema nini?" dada aliuliza. "Mimi nilikuwa ndani nabadilisha nguo. Wewe ndiye uliyekuwa na kamera."

Fundi alizunguka meza, akapanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Aliyakumbuka maneno ya mama neno kwa neno, na aliona aibu kuyatamka mbele ya mtoto.

"Alisema, 'Mwanangu, weka hiyo kamera chini, njoo ukae na mimi.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Dakika moja, mama.'"

Mtoto alishuka mapajani, akaisogelea skrini, akakigusa kile kiti kwa kidole.

"Mbona hukukaa, mjomba?"

Fundi alikuwa amenyoosha mkono aitoe diski mara ya saba. Akaurudisha.