Nilichagua Maji

Usiku wa jana niliota mimi na marehemu mume wangu, Baba Rukia, ni punje moja ya chumvi. Yeye klorini, mimi sodiamu. Tumekumbatiana ndani ya bakuli, katika maabara ya shule ninakofundisha kemia.

Betri, aliye kando ya bakuli, anakohoa. "Nyie wawili, leo mnatenganishwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa hakuna. Umeme tu. Lakini mkiwa wakavu mmeshikana hivyo, sipiti. Chagueni: kuyeyushwa kwa moto, au kutiwa majini."

Baba Rukia ananiminya mkono. "Mama Rukia, mwalimu ni wewe."

Basi nikajitia ujuzi. Kwenye moto hakuna salama: sodiamu huenda kwenye kijiti hasi cha betri, klorini kwenye kijiti chanya, kwaheri. Lakini majini yumo haidrojeni, naye humtangulia sodiamu kwenye kijiti hasi. Mimi nitabaki. Nikibaki mimi, na mume wangu si atabaki?

"Maji," nasema.

Mara bakuli ni wodi aliyolazwa Baba Rukia. Maji yanatufika kifuani, na vijiti viwili vya kaboni vimesimama mwanzo na mwisho wa vitanda.

"Samahani dada, mimi kwanza," anasema Haidrojeni, ananipita, anapanda juu kwa mapovu.

Nageuka. Vidole vya Baba Rukia vinaniachia. Lo! Mwalimu mzima nimesahau: haidrojeni hushika zamu ya sodiamu. Zamu ya klorini hakuna wa kuishika.

"Nichukueni na mimi!" napiga kelele.

"Wewe huhitajiki, mama," anasema Betri.

"Usigombane na watu," Baba Rukia ananiambia, kama alivyoniambia miaka yote. "Nenda kale." Kisha anakuwa gesi ya kijani hafifu, anatoka nje kupitia dirishani. Jamani, nilimpenda mtu yule.

Betri ananiletea mgeni. "Huyu ni Haidroksidi, sehemu ya maji iliyoachwa na Haidrojeni. Mtakaa pamoja."

Nampa mkono, unateleza.

"Sikutaki," namwambia.

"Hata mimi sikukuomba," anajibu kwa adabu. "Lakini tumebaki sisi."

Nikaamka kumekucha, nalia kweli. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, kama kila siku. Chozi likashuka hadi mdomoni. Nikalilamba, nikalamba na la pili.

Hayakuwa na chumvi.