Protini ya Pili

Vipande vya kupimia vilitoa mistari miwili miwili, dalili ya kirusi, cha nyumba ya kioo ya kwanza na cha nyumba ya pili vilevile. Henry Dueck akaiegemeza fimbo yake ukutani, akakaa juu ya kreti la nyanya.

"Haya, sema. Ning'oe zote?"

Trudie Klassen, mtoto wa dada yake, alikuwa fundi wa maabara ya mimea pale mjini Leamington, na hakuwa mtu wa kujibu haraka. Kwanza aliufunga mfuko wenye jani lililosagwa, akauweka kwenye boksi lake.

"Kipimo hiki kinatafuta protini ya koti la kirusi, yaani ganda lake la nje, mjomba. Koti limeonekana. Lakini koti linaweza kuwa limepakwa juu ya jani tu, ndani hakuna kitu."

"Limepakwa na nani?"

Henry alipolazwa kuwekewa nyonga mpya, waumini wenzake wa kanisa la Kimenno walikuja kwa zamu kumpogolea nyanya. Hawakuitwa, maana kwao mtu haitwi kumsaidia mwenzake. Kila mmoja alikuja na kisu chake mfukoni, na shati lilelile alilotoka nalo kwenye nyanya zake. Sasa ilikuwa ikisemwa chinichini kwamba wawili kati yao wana kirusi hicho kwenye nyumba zao za kioo.

Tina, mke wa Henry, aliingia na sahani ya tikiti maji na mikate ya kukaanga.

"Mwache mtoto ale, Henry."

"Nimemshika mkono? Miaka yote ile ya shule, bado ananiambia 'linaweza'."

"Ndiyo kazi ninayolipwa, mjomba. Anayetaka 'bila shaka' aende kwa mchungaji."

Tina akacheka. Henry alijaribu kununa, ikamshinda.

Trudie akamweleza taratibu. Kirusi kikishaingia ndani, hulilazimisha jani likitengenezee protini nyingine, ya kukipitisha kutoka seli moja hadi ya jirani. Protini hiyo kirusi hakiji nayo. Huipata humo humo. Ikionekana, basi kimeshaanza kazi. Isipoonekana, huenda kuna uchafu wa visu tu, na mimea inaweza kuokolewa.

"Na kama imo?"

"Unang'oa."

Alichuma majani machanga karibu na ncha katika nyumba zote mbili, kwa sababu protini hiyo huwa nyingi maambukizi yakiwa mapya, kisha hufifia jani linapokomaa. Kila alipotoka mstari mmoja wa mimea alibadilisha glavu.

Maabarani alimwambia Daktari Gill, mkuu wake, kwamba shamba ni la mjomba wake.

"Hapa mji mzima ni wajomba zako," Daktari Gill alisema. Akachukua chupa zote za sampuli za majani, akabandua majina ya nyumba, akaandika herufi peke yake. "Sasa pima. Orodha ya herufi na majina ninabaki nayo mimi."

Trudie alipitisha umeme kwenye jeli ili protini zijipange, ndogo mbele, kubwa nyuma. Akazihamishia kwenye karatasi nyeupe, akaimwagia kingamwili inayoishika protini ile ya pili na kuacha nyingine. Mara ya kwanza kiputo cha hewa kilibaki chini ya karatasi, kikaacha tundu jeupe palepale alipopahitaji. Akaitupa, akaanza upya kesho yake. Safari hii jani lililojulikana kuwa gonjwa lilitoa mstari, na lile zima halikutoa chochote. Herufi nyingine zikagawanyika: baadhi zilikuwa na mstari, baadhi hazina.

Daktari Gill akasoma majina. Herufi zenye mstari zote zilikuwa za nyumba ya kwanza. Za nyumba ya pili hazikuwa na kitu.

Trudie alikwenda mwenyewe kumwambia mjomba wake. Henry alisikiliza hadi mwisho.

"Ya pili imepona?"

"Leo haina. Lazima isafishwe, na nitarudi kupima. Asiingie mtu ila wewe na wafanyakazi wako, kwa nguo za humo humo."

"Wenzetu wa kanisani wameshasema wanakuja kusaidia Jumamosi," Tina alisema. "Ukiwakataza watauliza sababu, Henry. Na wakiuliza, itajulikana ni mmoja wao aliyekileta."

Henry alitazama nyumba ya kwanza, nyanya zikiwa zimeanza kuiva.

"Waje," alisema. "Kung'oa nyumba nzima peke yetu hatuwezi. Waambie kazi ipo nyumba ya kwanza. Ya pili nitaitia kufuli."

"Wakitaka kujua kirusi kimetoka wapi?"

"Trudie, kipimo chako kinasema kimetoka wapi?"

"Hapana, mjomba."

"Basi na mimi sisemi."

Jumamosi walikuja wengi. Henry aliwapa ovaroli, glavu na mikasi mlangoni, visu vyao akaviacha nje ndani ya ndoo ya dawa. Mmoja aliuliza mbona hata kisu. "Ndivyo alivyoagiza huyu mpwa wangu," Henry akamjibu, "na ukibishana naye atakupima na wewe." Wakacheka, wakaingia, wakaanza kukata kamba na kulaza mimea kwenye plastiki, mstari baada ya mstari.